Namna ya kuongea ju ya imani yetu na watu wa makanisa mengine hapa Lubumbashi bila kugombana

Hii naandikia washiriki wenzangu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale watu wanaita Wamormoni, hasa wale wapya ambao wakiulizwa kitu kazini ama ndani ya bisi wanashindwa waanzie wapi, halafu wanaanza na Adamu. Hakuna mtu alikuuliza ju ya Adamu. Alikuuliza kwa nini hukunywa bere kwenye kilio. Jibu ile.

Ukiacha mengine yote shika hii moja tu: jibu swali uliloulizwa, jibu fupi, kisha nyamaza. Akitaka zaidi atauliza tena, na swali la pili njo lile lenye kutoka moyoni, la kwanza mara mingi ni adabu tu ama kuchokoza. Wengi wetu tunaharibu ju tunaogopa ile kimya, tunaijaza na mistari na miaka na ushuhuda, mwenzako anaanza kuangalia telefone, na siku nyingine akikuona kwenye avenyu anapita upande mwingine.

Tena ukumbuke uko wapi. Hapa kwetu mtu asiye na dini ni wa kutafuta na taa. Huyu jirani yako wa Katuba alibatizwa na Wakatoliki, akasoma kwa Wametodisti, bibi yake anaomba kwenye kanisa ya revei (ya uamsho) nyuma ya nyumba, mjomba wake ni Mkimbangu, na patroni wake ni Mwislamu. Mungu anamjua toka utoto, labda anasali kukushinda. So usiingie kama vile umemletea Mungu kwa mara ya kwanza, ukifanya hivyo amefunga masikio mbele hujamaliza salamu. Muulize kwanza yeye anaomba wapi, nani alimfundisha kusali, na usikilize kwa kweli, si kwa kungojea zamu yako.

Ju ya jina. Toka Oktoba 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa letu, alituomba tutumie jina kamili la kanisa, na ni vizuri ju jina la Yesu Kristo liko ndani. Lakini mama wa soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hana saa ya jina lenye urefu ule. Sema jina kamili mara moja, yeye atasema "Aaa, Bamormoni!", na wewe sema "Ndiyo mama, njo sisi", mnaendelea. Usianze kumsahihisha. Wengine watatuchanganya na Mashahidi wa Yehova, ju wote wanaona vijana wawili wawili wenye begi na kravati, hapo unacheka tu unasema hapana, hao ni wengine, misioneri wetu njo wale wenye kibadji cheusi kifuani. Akiuliza hiyo kanisa ilitoka wapi: ilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830 huko Fayette, jimbo la New York, na Joseph Smith, na hapa kwetu serikali iliitambua mwaka 1986, ingali Zaire. Basi. Historia yote hapana.

Sasa turudi kwa kilio ju pale njo maswali mengi yanazaliwa. Kreti imefika, vijana wanagawa, mkubwa moja anakunyooshea Simba ya baridi. Usikatae na uso wa mtakatifu. Pokea kwa mikono miwili, umpe wa pembeni, sema: "Aksanti mukubwa, mi muniletee sikre." Atauliza uko na ugonjwa? "Hapana, kwetu kanisani hatukunywaka pombe." Hata kidogo? Hata kidogo. Na tumbaku? Na tumbaku. Na kahawa? Na kahawa, na chai ya majani. Hapo meza yote inacheka, acha wacheke, cheka nao, ju kweli kwa mtu ambaye asubuhi yake ni chai na mkate hii ni maajabu. Halafu lazima mmoja atauliza: "Na munkoyo?" Kila mtu ananyamaza kusikia jibu.

Neno la Hekima, ile sheria yetu ya vinywaji na vyakula, ufunuo wa 1833, halitaji munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ulitolewa Ohio, watu kule hawajui munkoyo. Munkoyo ya leo asubuhi ni ya watoto, lakini ukiiacha siku kadhaa inaanza kupanda kichwani na pale imekuwa pombe kama zingine. Mimi nakunywa ile mpya, kwa mtu namjua, na njo vile najibu. Kuna ndugu wataniambia hata ile hapana, sawa, wako na haki yao. Ninachotaka uone ni kwamba jibu la namna hii, la kweli na la hapa hapa, linafungua mtu kuliko ukimsomea Neno la Hekima lote, sehemu ya 89 ya Mafundisho na Maagano, na kilio kingali cha moto.

Kila mtu na mlango wake. Mkatoliki usimwanzie na uasi mkuu, nakuomba. Najua tunafundisha kwamba mamlaka yalipotea nyuma ya Mitume na yakarudishwa, na kwamba mwaka 1829 Yohana Mbatizaji kisha Petro, Yakobo na Yohana walikuja kwa Joseph Smith na mwenzake Oliver Cowdery. Hiyo njo imani yetu na usiifiche akiuliza. Lakini anza pale mko pamoja: kwamba sakramenti ina maana, kwamba haitoshi mtu kuamka asubuhi na kujiita mtumishi, kwamba lazima kuwe na kuwekewa mikono na mnyororo wa mamlaka. Mkatoliki anaelewa hiyo haraka kuliko Mprotestanti. Tofauti ni mnyororo upi. Atauliza Bikira Maria, mwambie ukweli: tunamheshimu kama mama ya Bwana, hatusali kwake. Na kama anafikiri unaweza kuwa kwetu na kwao pamoja, mwambie wazi sisi na wao hatutambui ubatizo wa mwenzake. Vatikani ilisema hivyo mwaka 2001 ju ya ubatizo wetu, kwa sababu tunavyoamini ju ya Mungu si Utatu wao, na sisi pia mtu akija tunambatiza upya. Hakuna mtu amemtukana mwenzake hapo, kila nyumba na sheria yake.

Hiyo ya Utatu usiiruke. Sisi tunaamini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu kweli, mmoja katika nia, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Wakristo wengine wengi wakisikia hivyo wanashtuka, na wengine ju ya hiyo wanasema sisi si Wakristo. Usikasirike. Sema tu kwamba unamwamini Yesu Kristo kama Mwokozi, alikufa na akafufuka, na kwamba hamukubaliani ju ya maneno ya mabaraza ya zamani. Ukigeuza hii kuwa mashindano ya mistari mtakaa pale mpaka saa ya kulala na kila mtu atarudi nyumbani na ile aliyokuja nayo.

Wametodisti na Wapentekoste wao ni Biblia. Chukua Biblia, si Kitabu cha Mormoni. Ile Louis Segond ya Kifaransa wanayobeba njo hiyo hiyo tunatumia, na hiyo peke yake inawashangaza. Watakuletea Ufunuo 22:18, kwamba usiongeze kitu juu ya kitabu hiki. Jibu taratibu kwamba Kumbukumbu la Torati 4:2 linasema karibu vile vile, na baada ya Musa manabii waliendelea kuandika. Mbele hujatoka, soma naye Yohana 10:16, ile ya kondoo wengine, na umwambie Kitabu cha Mormoni kinadai kuwa ushuhuda mwingine wa Kristo huyo huyo, akiwatembelea watu wa bara lingine nyuma ya kufufuka. Akipenda kusoma mpe sura ya 11 ya Nefi wa Tatu. Usimpe kurasa zote aanze mwanzo, ataishia kwenye Isaya ndani ya Nefi wa Pili na kukiweka juu ya kabati.

Neno "nabii" kwa watu wa revei linahitaji uangalifu. Hapa kuta zote za mji ziko na picha za manabii, na kila mtu ako na shangazi aliyetoa hela ya karo kwa mmoja wao. Ukisema "sisi tuko na nabii" anasikia kitu kingine kabisa. Eleza kwamba ni mzee mmoja anayeongoza kanisa dunia nzima pamoja na washauri wake wawili na Mitume Kumi na Wawili, hafanyi konsiltasio, hauzi mafuta. Na hapa kwenye paruasi askofu hana mshahara wa kanisa, asubuhi ya Jumatatu unamkuta kwenye kazi yake kama wewe.

Waislamu wetu, heshima tu. Kufunga wanajua kutushinda, wewe unaweza kusema kwamba Jumapili moja kwa mwezi tunaacha chakula mara mbili na pesa yake inakwenda kwa wenye shida, pombe hatunywi, mnaelewana vizuri sana hapo. Lakini kwao Muhammad ni wa mwisho na Yesu si Mwana wa Mungu, na hizo mbili hakuna daraja la ujanja juu yake. Usijifanye hakuna tofauti. Kama mazungumzo yanaishia kwenye ujirani mwema, hiyo si kazi bure.

Mkimbangu yeye atakuelewa ju ya kitu kimoja bila maelezo: kiongozi aliyeteswa. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya Nkamba mwaka 1921, wakamfunga miaka 30, na alikufa hapa hapa kwetu, mji ukiitwa Elisabethville, Oktoba 1951. Joseph Smith aliuawa na kundi la watu ndani ya jela ya Carthage, Illinois, Juni 1844. Pombe na tumbaku nao hawataki, wake wengi pia hawataki. Ila ubatizo wao hauna maji, na wetu ni kuzama mwili mzima, hapo mtapishana. Na usitumie kifo cha Kimbangu kama chambo, watu wanasikia harufu ya hiyo mbali.

Sasa kitu ambacho mimi naona njo mlango mkubwa kuliko yote hapa Katanga, na tunakipita haraka: wazee na majina. Lubumbashi ni mji wa watu waliotoka mbali. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rwanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini, na wajukuu wao njo sisi, wengi hatujui jina la babu ya babu. Keti na mama mzee wa jirani yako, wa kanisa yoyote, na daftari la shule na kalamu. Muulize baba yako aliitwa nani, si jina la ubatizo, lile la nyumbani. Alizaliwa kijiji gani, karibu na mto gani. Nani alimfuata kuzaliwa. Utaona anafunga macho, anahesabu kwa vidole, anapigana na dada yake ju ya nani alikuwa mkubwa, halafu anaimba kidogo wimbo wa sifa wa ukoo wenye majina ndani yake, na wajukuu wanaacha telefone. Mwachie nakala ya daftari. Hiyo ni zawadi hata kama hatauliza kamwe kwa nini unafanya.

Akiuliza, mwambie. Kwamba tunaamini familia inaweza kuunganishwa milele, kwamba ndani ya hekalu mshiriki aliye hai anabatizwa kwa jina la mtu wa ukoo wake aliyekufa, na yule aliyekufa huko aliko ako huru kukubali ama kukataa. Mwonyeshe 1 Wakorintho 15:29. Uwe tayari ju maneno "ubatizo wa wafu" yanaogopesha watu, wanafikiri mizimu, wanafikiri tunafukua makaburi. Sema waziwazi: hakuna maiti, hakuna kuita roho, ni maji, jina na maombi. Na usipeleke jina la mama yake mtu hekaluni bila ruhusa ya familia. Kwetu wafu wako na wenyewe.

Hekalu lenyewe maswali yamekuwa mengi toka Aprili 2020 walipotangaza la Lubumbashi, na zaidi toka Agosti 2022 walipovunja udongo. Swali ni lile lile: "Kama ni nyumba ya Mungu, kwa nini bote habaingiake? Ni loji ya Wafrimasoni?" Usijibu kwa kununa. Sema kwamba hekalu jipya linafunguliwa kwanza kwa watu wote kutembelea, lile la Kinshasa lilifanyiwa hivyo mbele ya kuwekwa wakfu Aprili 2019, nyuma ya hapo ni kwa washiriki wenye kibali tu. Mwambie kinachofanyika ndani: ubatizo kwa ajili ya waliokufa, ndoa, maagano na Mungu. Jumapili hekalu limefungwa, ibada iko kanisani na kanisani mlango uko wazi kwa mtu yeyote. Mengine tunayaheshimu kwa kutoyasema barabarani, na hiyo pia unaweza kuisema hivyo hivyo.

Maswali matatu magumu, yajibu mwenyewe, usimtupie misioneri wa miaka 19.

La kwanza, wake wengi. Ndiyo, walioa wake wengi zamani, Joseph Smith pia. Wilford Woodruff, rais wa kanisa wakati ule, alitangaza kuacha mwaka 1890. Leo mshiriki akifanya anaondolewa, hata kwenye nchi ambayo desturi inaruhusu. Akikuuliza mzee mwenye mabibi wawili kama anaweza kubatizwa usimpe ahadi yoyote, mpeleke kwa askofu.

La pili, watu weusi. Hii watu wameisoma kwenye intaneti na wanakungojea. Toka 1852, wakati wa Brigham Young, rais wa pili wa kanisa, mpaka Juni 1978 wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani, na weusi, wanaume na wanawake, hawakupokea maagano ya hekalu. Ikaisha na ufunuo kwa Rais Spencer W. Kimball. Mbele ya 1852 walikuwepo weusi waliowekwa kwenye ukuhani, kama Elijah Able. Sababu ambazo watu walitoa wakati ule, laana ya Kaini na nini na nini, kanisa lenyewe mwaka 2013 liliandika kwamba linazikataa. Wewe usizirudie, na usibuni zako mpya kuokoa sura. Mimi nasema: iliniuma nilipoisoma, ingali inaniuma, na nipo. Mtu anaheshimu hiyo kuliko maelezo ya nusu saa.

La tatu ni pesa na Marekani. "Munalipwaka ngapi?" "Batanisomeshea mutoto?" "Visa?" Jibu hapana, hapana, na hapana. Misioneri hawalipwi, zaka ni sisi tunatoa, na msaada wa askofu ni wa shida ya kweli, hauna mkataba wa kubatizwa. Mtu akiingia ju ya visa atatoka ju ya visa, na atatoka na hasira.

Ukimwalika mtu Jumapili mwambie mbele nini atakuta, ju mgeni aliyezoea revei atafikiri amefika kwenye kilio. Hakuna ngoma. Hakuna kucheza. Nyimbo ni za taratibu, wanaohubiri ni washiriki wa kawaida waliopewa zamu, wengine wanatetemeka na karatasi mkononi. Mkate na maji vinapita, divai hapana. Kikapu cha sadaka hakipiti, hakuna atakayemsimamisha mbele. Ni masaa mawili. Watoto wanalia. Mkae naye kiti kimoja, usimwache na watu asiowajua wewe ukienda kusalimia. Na ukialikwa misa yake ama siku ya mavuno kwa Wametodisti, nenda, na uvae vizuri. Makala ya Imani ya kumi na moja inasema tunadai kumwabudu Mungu kufuatana na dhamiri yetu na tunawaachia wengine vivyo hivyo. Ukikubali tu wao waje kwako na wewe huendi kwao, hujaisoma.

WhatsApp: kwenye grupu ya familia usitume video za kanisa kila asubuhi. Kamwe usibishane pale, mtu ambaye ana hadhira hawezi kukubali kitu. Mwandikie pembeni, ama afadhali mtembelee.

Nyumbani njo kugumu zaidi. Kama bwana ama bibi si wa kanisa, kitu cha kwanza atakachosoma ni wewe, unavyorudi Jumapili, unarudi na hamu ya kupika bukari ama unarudi ukihukumu nyumba. Wanaokaa pamoja bila ndoa waambiwe mapema, kwa upole, kwamba mbele ya ubatizo lazima ndoa ya leta (ya serikali) kwenye komini, ju wengi wanafundishwa wiki mingi kisha wanagongana na hiyo mlangoni, wakati mahari ingali na deni na wakwe wamenuna. Mtu aliyeoa ama kuolewa habatizwi bila mwenzake kukubali. Na mtoto wa jirani anayependa kuja kucheza mpira na vijana wetu, mkaribishe, mpe sikre, lakini mbele ya somo la kwanza wewe mwenyewe piga hodi kwa wazazi, keti, eleza sisi ni nani na nini anafundishwa, na wakisema hapana ni hapana. Mpira aendelee kuja.